Anafuturu, mimi bado nakaanga bagia

Kuna mdogo wangu mmoja tulikuwa tunakaa mtaa mmoja zamani, juzi usiku kanitumia meseji. Mchumba wake kapata kazi Qatar, anaondoka mwezi ujao, na yeye ananiuliza dada hivi wewe umewezaje miaka yote hii. Nikaanza kumjibu, nikaona meseji inarefuka kama barua ya posa, nikaifuta nikamwambia ngoja nikae niandike vizuri. Kwa hiyo hii ni yake, na ya mwingine yeyote ambaye mtu wake yuko ng'ambo na yeye kabaki huku na simu mkononi.

Mume wangu yuko Dubai tangu Septemba 2021. Ni mlinzi. Mimi niko Tanga, Ngamiani, nyumba ya kupanga, nauza bagia na chapati asubuhi na jioni, na tuna mtoto mmoja ambaye baba yake alimwacha ana miaka miwili na sasa anaelekea sita. Miaka minne yote tumeonana uso kwa uso mara moja tu, likizo ya mwisho wa 2023, siku 42, nilizihesabu moja moja.

Maneno ya watu nimeyasikia yote. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Asiyekuwapo na lake halipo. Hii ya pili aliniambia mama mmoja mteja wangu nikiwa naopoa bagia kwenye mafuta, tena kwa upole kabisa, "mwanangu jipange, asiyekuwapo na lake halipo". Sikumjibu, nilimfungia bagia zake nikampa. Lakini lile neno lilinikaa kifuani wiki nzima kwa sababu nilijua lina ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio uliokuja kutuponza kama nitakavyoeleza mbele.

Kwanza niseme hivi, umbali wenyewe si kama watu wanavyoudhania. Basi la Tanga mpaka Dar ni saa tano mpaka sita, na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar mpaka Dubai ni saa tano na nusu hivi. Yani nikipanda basi asubuhi na mtu mwingine akapanda ndege Dar muda ule ule, mimi nashuka stendi na yeye anashuka Dubai. Siku nilipogundua hilo niliumia kuliko nilivyofurahi, maana nilikuwa nimejizoesha kumfikiria yuko mwisho wa dunia, kumbe yuko saa tano tu ila katikati yetu kuna viza, kuna tiketi, kuna mkataba wa miaka miwili na ruhusa ya kampuni.

Na saa zetu zimepishana saa moja tu, wao wako mbele. Nikijilinganisha na wenzangu ambao waume zao wako Marekani, huku asubuhi kule usiku wa manane, naona mimi nimepewa mteremko. Lakini ugomvi wetu wa kwanza ulitokana na saa, wiki ya pili tu tangu aondoke. Aliniandikia "ntakupigia saa 10". Saa 10 yangu mimi ni alasiri, nikaoga, nikamuogesha mtoto, nikamvalisha ile suruali aliyomnunulia baba yake siku moja kabla ya kuondoka, tukakaa mkekani simu tumeiweka katikati kama watu wanaota moto. Kumi ikapita, kumi na moja ikapita, magharibi ikaingia, mtoto kalala na nguo zake za kutokea. Simu ikaja kuita saa tatu usiku, na mwenzangu kachangamka kweli, "si nilikwambia saa 10, nimechelewa?" Kumbe wiki mbili za kukaa na Wahindi, Wanepali na Wafilipino kashaanza kuhesabu saa kwa Kizungu, saa 10 yake ni saa nne ya usiku ya kule, ukitoa ile moja tunayopishana ndiyo saa tatu ya Tanga. Nililia kwa hasira mpaka akakata. Tangu siku ile hatuandikiani saa peke yake, lazima tuseme ya wapi, saa tatu ya Tanga, saa moja ya Dubai, na mpaka leo mtoto akiulizwa saa ngapi anajibu "ya Tanga?"

Ramadhani ndiyo hiyo saa moja naiona kwa macho. Jua la kule linazama mapema kwa saa za kwetu, anafuturu mimi bado nakaanga bagia za wateja, moshi unaniingia machoni na yeye ananitumia picha ya tende na maji. Na kuna miaka wao mwezi unaandama siku moja kabla yetu, mume wangu yuko sikukuu kavaa kanzu mpya na mimi mkewe nimefunga. Hilo mpaka leo sijalizoea.

Sasa kuhusu mawasiliano. Nyie mliozoea kupigiana WhatsApp muda wowote hamjui mlivyo na bahati, kule Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimefungwa. Meseji inapita, picha inapita, voisi inapita, ila ukipiga haiendi. Wana programu zilizoruhusiwa kama Botim, wakati ule anaanza alikuwa anailipia kifurushi chake, na hata hivyo sauti inakatika katika. VPN, zile programu za kupenya kwenye kilichofungwa, wapo wanaotumia lakini sheria zao kwenye mambo hayo ni kali na mume wangu si mtu wa kucheza na faini. Na hata simu ingekuwa inapita, angeongelea wapi? Kambini Al Quoz chumba kimoja wanalala wanane, vitanda vya juu na chini, mmoja anaswali, mwingine katoka shifti ya usiku anatafuta usingizi, mwingine anagombana na mkewe kwa Kinepali. Mapenzi gani utaongea pale.

Kwa hiyo ndoa yetu inaishi kwenye voisi. Sikufikiria kama nitakuja kuzipenda voisi kuliko simu lakini ndivyo ilivyo, simu ikikatika imeisha na voisi ninayo, naisikiliza nikikanda unga, narudia nikiosha vyombo, na nimeshajua kusikiliza na yale ya nyuma ya sauti yake. Nikisikia mngurumo wa AC najua yuko ndani. Nikisikia ile redio ya kazini inakwaruza najua yuko lindoni. Sasa hivi analinda jengo la kukaa watu, nasikia lifti inavyolia ikifika chini, na mkabala na geti lake kuna jengo linajengwa, mashine zinapiga kelele mpaka hasikiki, ila kipindi cha joto kali kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba sheria yao inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa. Mashine zinanyamaza. Basi hapo ndipo voisi zangu ndefu zinapoingia, kwetu inakuwa saa tano na nusu, bagia za asubuhi zimeisha, nakaa kwenye kigoda uani nasikiliza.

Na yeye anasikiliza ya huku. Mlango wetu wa uani bawaba zake zimeliwa na kutu, si mnajua hewa ya bahari ya Tanga, ukiufungua unalia. Mwaka wa kwanza akawa kila voisi ananiambia huo mlango mama utie mafuta. Siku moja nikautia, mafuta ya cherehani, ukanyamaza kabisa. Siku mbili baadaye ananiuliza, "mbona leo sijausikia mlango, mmehama?" Nikamwambia nimeutia mafuta kama ulivyosema. Akanyamaza, alafu akasema, "usiutie tena."

Sijautia tena.

Nije sasa kwenye Ramadhani ya 2022, maana hili ndilo nilitaka kumwambia huyu mdogo wangu na naona nalizunguka.

Mume wangu alichukuliwa wakati wa Expo, yale maonyesho makubwa ya dunia ambayo yalikuwa yafanyike 2020 yakasogezwa kwa sababu ya korona, yakaanza 1 Oktoba 2021 yakafungwa 31 Machi 2022. Kampuni za ulinzi zilibeba watu wengi kipindi kile. Alisimama getini miezi sita, hela inakuja vizuri, dirham 800 kila mwezi haikosi. Expo ilipofungwa kampuni yao ikakosa pa kuwapeleka watu wote. Wengine wakapangiwa malindo mapya, yeye na wenzake wakabaki kambini wanangoja kuitwa, na kwa mkataba wao kama huna lindo huna ovataimu, unabaki na mshahara wa msingi ambao nao ulikuwa unachelewa. Siku mbili tatu baadaye mwezi ukaandama, mfungo ukaanza. Hakuniambia. Akawa anakwenda kufuturu msikitini kwa sababu kule futari ya bure inatandikwa mpaka nje ya msikiti, kila mtu anakaa anakula, basi kwake ndiyo ikawa chakula cha siku.

Huku na mimi nina yangu. Mnakumbuka mafuta ya kula yalivyopanda 2022, mtu unayeishi kwa kukaanga ukiamka unasikia bei mpya, na bagia huwezi kuipandisha bei kila wiki watu watakukimbia. Nikakopa laki mbili kwenye kikoba. Sikumwambia. Mwishoni mwa mfungo mtoto akashikwa na malaria, akalazwa siku nne, dripu mkononi, nafuturu kwenye benchi la wodini kwa chai ya thamosi. Sikumwambia. Nilijiambia yuko mbali, atafanya nini zaidi ya kuumia, mwache afanye kazi kwa amani. Nikawa namtumia picha za mtoto za zamani, zile anacheza.

Na voisi zinaendelea kila siku. "Tuko salama, mtoto mzima, tunakusalimia." "Na mimi mzima alhamdulillah, kazi inaenda." Voisi za mwezi ule ninazo mpaka leo, sijazifuta, ukizisikiliza unasikia watu wawili wanaosalimiana kama wamekutana kwenye daladala na kila mmoja anashuka kituo kinachofuata.

Alafu nikaanza kuona mambo. Zile 800 zikawa 300, akasema kampuni imebadilisha tarehe. Redio ya kazini haisikiki tena. Nyuma yake nasikia TV, nasikia watu wanacheka, saa ambazo anatakiwa awe getini. Nikajumlisha mwenyewe nikapata jibu langu, kapata mwanamke. Jamani nililala na jibu hilo wiki tatu, nalala nalo naamka nalo, nakaanga bagia nalo, na maneno ya yule mama yakarudi yote, asiyekuwapo na lake halipo. Nilifika mahali naangalia saa aliyoonekana mara ya mwisho onlaini kama daktari anavyoangalia kipimo. Namuona yuko hewani saa nane ya usiku wa Dubai, anaongea na nani? Kumbe alikuwa hapati usingizi.

Kilichotufichua ni status. Wifi yangu alipiga picha mkono wa mtoto na dripu yake akaweka status, "Allah akuponye mwanetu". Haikufika dakika kumi mume wangu akapiga, simu ya kawaida, ile ya gharama. Hakusalimia. Aliniuliza tu, mtoto wangu ana nini na kwa nini nasikia kwa watu. Na mimi badala ya kujibu nikamwagika yote ya wiki tatu, na wewe uko kwa nani, hela unampelekea nani, hiyo TV ni ya nani. Akanyamaza muda mrefu. Alafu akakata.

Baada ya robo saa ikaingia vidio. Hakusema neno hata moja kwenye hiyo vidio, alikuwa anazungusha simu taratibu. Kitanda chake cha chini, shuka nililompa mimi. Jamaa wawili wamekaa sakafuni wanaangalia TV ndogo. Pasi yake ya kazi imening'inizwa kwenye msumari. Alafu akainama, akashusha simu chini ya kitanda, na pale kuna buti zake za kazi zimepangwa sambamba, zimepigwa kiwi zinang'aa mpaka taa inaonekana juu yake. Chini ya ile vidio kaandika, "sijazivaa tangu Expo ifungwe, nazipiga kiwi kila asubuhi ili siku wakiniita niwe tayari."

Nilikaa kwenye ngazi za wodi nikalia. Sikuwa hata na uhakika nalia nini, kama ni mtoto, kama ni aibu, kama ni zile buti.

Ndiyo maana mtu akiniambia usimpe stresi mtu wa ng'ambo, mfiche mabaya mpaka atakaporudi, mimi sikubaliani naye hata kidogo, na najua wanaosema hivyo wanasema kwa huruma maana hata mimi nilificha kwa huruma na yeye alificha kwa huruma. Ukimficha mtu aliye mbali unamwachia nafasi tupu na hiyo nafasi ataijaza mwenyewe, na mtu wa mbali hajazi kwa heri. Mtu wa karibu ukimficha kitu ataona uso wako, ataona umekonda, ataona sufuria imekaa tupu. Wa mbali anabaki na kile unachomwambia tu. Ukimwambia uongo, hata ule wa kumpenda, unakuwa umemtoa nyumbani. Hapo ndipo lake linapokosekana kweli.

Usiku ule ule tukakubaliana, habari inasemwa siku ile ile. Nzuri, mbaya, ya kijinga. Na ya kijinga ndiyo nyingi, nikwambie ukweli. Umeme umekatika tangu saa mbili. Nyanya sado imepanda. Jino la mtoto linacheza. Paka wa jirani kazaa kwenye ndoo yetu. Yeye ananiambia leo supavaiza kanifokea mbele ya watu, leo nimekula mchele na mtindi tu, leo kuna mpangaji mzee kanipa embe. Mwanzoni nilikuwa naona nitamchosha na mambo ya nyanya. Kumbe bei ya nyanya ndiyo inayomfanya ajue yuko ndani ya hii nyumba.

Nilikuja kuona faida yake 16 Aprili 2024, wiki moja tu baada ya Idi, ile siku mvua ilipoizamisha Dubai, mvua ambayo walisema haijawahi kunyesha kama ile tangu waanze kuweka kumbukumbu 1949. Magari yanaelea, uwanja wa ndege umejaa maji, vidio zimeenea kila grupu. Tanga nzima inanipigia, mama mkwe analia Muheza, shoga zangu wamekuja mpaka mlangoni. Na mimi natulia tu, kwa sababu voisi yangu ilishaingia tangu asubuhi kabla hata sijaona vidio moja: yuko lindoni, maji yamefika kwenye ngazi ya chini, mbadala wake kashindwa kufika kwa hiyo haendi kokote, anakula biskuti, simu ina chaji nusu ataizima mpaka jioni nisiogope. Ikazimwa mpaka jioni na sikuogopa. Nilikaanga bagia zangu kama kawaida.

Hela. Hapa mdogo wangu sikiliza sana kwa sababu nimeona ndoa tatu za mtaani kwetu zikifa na hakuna hata moja iliyokufa kwa mwanamke mwingine, zote hela. Dirham imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirham 3.67 na haijabadilika tangu 1997, kwa hiyo shilingi yetu ikipanda au ikishuka kwa dola inafanya hivyo hivyo kwa dirham. Sisi hatukuwa tunajua hayo. Katikati ya 2024 alikuwa akituma dirham 1,000 mimi napokea kama laki saba, na 200 kati ya hizo ni za mama yake, nampelekea laki na arobaini. Desemba ile ile shilingi ikapata nguvu, zile zile 1,000 zikawa laki sita na nusu hivi, nikampelekea mama laki na thelathini. Mama mkwe akahesabu, akanitazama, akasema "mwanangu kaanza kunipunguzia au ni njiani ndiyo inapungua?" Mimi nampenda yule mama lakini siku ile nilirudi Tanga kwenye Hiace machozi yananitoka.

Nikamwambia mume wangu siku ile ile, si ndiyo makubaliano. Hakumtetea mama yake wala hakumsema vibaya, alisema tu kuanzia mwezi ujao ya mama naituma mwenyewe kwenye simu yake. Basi. Sasa mama mkwe akipokea ananipigia mimi kuniuliza na yako imefika? Na mimi nina daftari, lile la kaunta, naandika kila kitu, unga, mafuta, kodi, ada ya chekechea, kikoba, na Jumapili nampigia picha ukurasa. Hakuniomba. Nilianza mwenyewe, na kuna mtu aliniambia unajidhalilisha mwanamke mzima kutoa hesabu, mimi naona tofauti, yule anasimama saa kumi na mbili kwa siku, akiona "bati 4" kwenye ule ukurasa anajua miguu yake imekwenda wapi.

Mambo ya wivu na hamu sitaki kuyaandika mengi, ya chumbani yabaki chumbani. Yapo, yanauma, kuna usiku mrefu. Nikizidiwa namwambia nimezidiwa na yeye ananiambia na yeye. Hatujapata dawa nyingine.

Likizo nayo niseme, maana watu wanadhani akirudi ni sherehe. Alikuja Novemba 2023, mvua kubwa, tumempokea Dar tukarudi Tanga usiku mtoto amelala. Asubuhi mtoto kaamka kaona mtu amekaa kwenye kiti anakunywa chai. Akamkimbia. Miaka minne anayo, baba anamjua vizuri sana, ila baba yake anakaa kwenye simu. Akaja jikoni akachukua simu yangu, akabonyeza picha ya baba kama alivyozoea, akarekodi voisi kwa kunong'ona, "baba, kuna mtu hapa nyumbani." Na simu ikalia kwenye mfuko wa shati wa yule mtu.

Mume wangu hakusema kitu. Alisimama akatoka uani, mlango ukalia, akakaa kwenye kigoda changu akasikiliza ile voisi. Alafu akajibu kwa voisi, akiwa hatua kumi kutoka tulipo, "mwambie huyo mtu akupeleke Raskazone mkaogelee, mimi nimemruhusu." Mtoto akasikiliza mara mbili. Akaenda mpaka mlangoni akamwambia, "baba kasema unipeleke baharini." Walikwenda wameshikana mikono. Ilichukua kama siku tano mpaka akaacha kumsimulia baba wa kwenye simu habari za yule wa nyumbani.

Mimi mwenyewe pia ilinichukua siku kadhaa, sitakudanganya. Nilikuwa nimezoea kulala katikati ya kitanda, nimezoea kuamua mwenyewe kila kitu, naye kila saa kumi alfajiri anashtuka anatafuta buti. Tuligombana kuhusu mahali pa kuweka ndoo. Siku ya arobaini ndiyo tulikuwa tumezoeana kabisa, na mbili zilizobaki tulipanga begi.

Mkataba wake wa sasa unaisha Januari. Yeye anataka asaini mwingine wa miaka miwili, tumalizie nyumba yetu ya Pongwe, boma limeshafika kwenye lenta, limebaki kupauliwa. Mimi sitaki. Wiki iliyopita nilirekodi voisi ya dakika kumi na moja, ndefu kuliko zote nilizowahi kutuma, nikamwambia nyumba isiyo na bati tutaingia hivyo hivyo chumba kimoja kimoja, mtoto anaanza darasa la kwanza mwakani na nataka siku ya kwanza ashikwe mkono na wewe, mimi bagia zinalipa kodi, njoo. Nilisema vyote na nikalia mle mle ndani sikufuta.

Akajibu neno moja, "nimesikia". Siku tatu tukaendelea na habari za kawaida, nyanya, lifti imeharibika, jino limetoka. Sikumkumbusha.

Leo saa tano na nusu mashine za kule zimenyamaza, voisi imeingia, fupi. Anauliza bati zilizolazwa pale uani ziko ngapi mpaka sasa. Nimezifunua turubai nikazihesabu mara mbili, ziko 31, na fundi alisema anataka 46. Nimemtumia hivyo hivyo.